Kamba ya mita 6: tulivyoiharibu kambi yetu ya kwanza ya macho

Miezi mitatu baada ya kambi yetu ya kwanza ya kupima watu macho bure kijijini nilikuwa stendi ya Muheza nasubiri gari la kurudi Tanga mjini. Muuza machungwa mmoja akaniita kwa sauti, "Daktari! Daktari wa macho!" Nikageuka. Alikuwa na miwani, lakini kaipandisha juu ya paji la uso kama vijana wanavyofanya na miwani ya jua. Nikamuuliza mbona haivai machoni.

"Nikiishusha naona machungwa yanaogelea," akasema, huku kisu kinaendelea kumenya. "Kichwa kinaniuma mpaka jioni. Lakini si mlinipa nyie? Zawadi haitupwi."

Nikaiomba niitazame. Nilipoishika tu nikajua. Lenzi nene katikati, nguvu yake kama +5 hivi, na la kushoto namba yake haikufanana hata kidogo na la kulia. Ile ilikuwa miwani ya mtu fulani wa Ulaya, huenda ajuza aliyekwisha kufariki, imevuka bahari ikaja kukaa kwenye paji la uso la mtu wa Muheza aliyehitaji +1.50 ya kusomea, basi. Na aliyempa ni mimi, kwa mkono wangu, tena tukapiga picha.

Kila mwaka Oktoba ikikaribia, maana Siku ya Macho Duniani ni Alhamisi ya pili ya mwezi huo, wenzangu wenye kliniki ndogo na maduka ya miwani hunipigia simu. Wanataka kwenda kijijini kupima watu bure, wanauliza waanzie wapi. Mimi huanza kuwasimulia tulivyoharibu, salio linakwisha kabla sijafika nusu. Bora niandike.

Kliniki yetu ni chumba na nusu mjini Tanga. Tuko watatu: mimi niliyesomea optometria, yaani upimaji wa macho, Moshi, mwenzangu tuliyemaliza naye, na dada wa mapokezi ambaye ndiye pia anayekata lenzi, anayedai madeni, na anayejua ni mteja gani kafiwa wiki hii asidaiwe. Mwaka 2017 biashara ilikuwa imetulia kidogo, nikasema sasa na sisi tutoe kitu. Rafiki yangu anayeishi Uingereza akasikia, akasema kwenye kanisa lao watu wana miwani ya zamani makabatini, atakusanya. Nikashukuru mpaka machozi. Kosa la kwanza lilikuwa ile shukrani.

Maboksi matatu yalifika bandarini, yakakaa. Karatasi moja ilikosekana, halafu nyingine. Kila siku iliyopita iliongeza gharama ya kuhifadhi. Mpaka nayatoa na kuyafikisha dukani, nilikuwa nimetumia shilingi 640,000 pamoja na nauli zangu. Dada wa mapokezi akapiga hesabu pale pale nyuma ya risiti: miwani mipya ya kusomea, kwa bei ya jumla ya Kariakoo wakati ule, tungepata zaidi ya 200. Nikamwambia asinivunje moyo.

Tukakaa usiku tatu kuipima moja moja kwenye mashine ya kusoma namba ya lenzi. Maboksi yote yalikuwa na miwani 412. Kuna iliyokatika mkono, iliyokwaruzwa hadi kuwa kama kioo cha bafuni, ya jua, hata miwani miwili ya kuangalia filamu sinema. Iliyobaki, nyingi ilikuwa na namba za watu wenye macho yao mahsusi: kulia hivi, kushoto vile, na pembe ya astigmatizimu (jicho ambalo duara lake halikukaa sawa) ambayo lazima ilingane na ya mvaaji, la sivyo atembee anayumba. Iliyoweza kumfaa mtu wa kawaida haikuzidi sitini. Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa 2012 ambao ulikuta kuwa kati ya miwani ya kuchangiwa 275 iliyokaguliwa, asilimia 7 tu ndiyo iliyofaa, na kwamba ukijumlisha gharama zote, hiyo inayofaa inakuwa ghali kuliko mipya. Ningeusoma kabla ningelala zile usiku tatu. Lakini tulikuwa tumeshatangaza "miwani ya bure", na mtu aliyetangaza kitu cha bure hawezi kurudi nyuma. Tukapakia yote.

Kijiji kiko njia ya kupanda Amani, upande wa mashamba ya chai. Kwa utaratibu nilizungumza na mwenyekiti wa kijiji, akapokea vizuri, akatupa darasa la shule ya msingi, siku ya Jumamosi. Nikaona nimemaliza. Kwa wilaya sikwenda. Nilijiambia kwamba wilayani kuna mlolongo, barua itazunguka meza mpaka mwakani.

Tulifika saa moja asubuhi. Mzee mmoja alishatangulia, kakaa kwenye gogo chini ya mwembe, kofia ya kufuma kichwani, fimbo hana. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, ndio nyie wa macho?" Akainuka kutusaidia. Darasa halikuwa na urefu wa kutosha, na chati yetu ya E ya kupimia macho lazima isomwe kutoka mita 6, kwa hiyo tukatoka barazani na kamba niliyokuwa nimeifunga mafundo. Mzee akashika ncha moja, mimi nyingine. Watoto waliokuwa wanachungulia wakaanza kujipanga kwenye ile kamba huku wamenyoosha migongo. Sikuelewa mpaka mwalimu aliponieleza akicheka: kule watu wamezoea wagawaji wa dawa ya usubi, wanaokuja na kijiti cha kupimia urefu ndipo wakuhesabie vidonge. Walidhani na sisi tunapima urefu.

Ilipofika saa tatu hakuna aliyecheka tena. Tulikuwa tumejiandaa kwa watu 120. Daftari la mwalimu liliandika 431, akaacha kuandika. Kumbe kijana wa spika aliyezunguka na pikipiki tangu Alhamisi alikuwa ameongeza maneno yake: miwani bure, dawa bure, na upasuaji bure hapo hapo. Watu walitembea kutoka vijiji vya juu toka alfajiri. Wazee wasioona walishikwa mkono. Kivuli kilikuwa cha mwembe mmoja tu, maji yaliisha saa tano, choo kimoja cha wanafunzi.

Naomba uone ilivyo. Mko watatu, mbele yenu watu mia nne, jua linapanda. Mwanzoni unampa kila mmoja dakika kumi. Halafu tano. Halafu unaacha kupima kwa lenzi za majaribio, unachukua miwani kwenye boksi unamvisha mtu, unamuuliza "unaona?" Na mtu aliyetembea saa tatu kwa miguu akiulizwa na daktari kama anaona, anajibu anaona. Hivyo ndivyo muuza machungwa alivyopata +5 yake. Tuliwaona watu 268, tukagawa miwani 190, wengine wakarudi kwao bila kuguswa, na mama mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, ungesema tu ni kwa ajili ya watu wachache." Neno lile nililala nalo.

Saa tisa alasiri alikuja mtu kwa pikipiki, kajaa vumbi. Alikuwa mratibu wa huduma za macho wa wilaya. Hakufoka. Alisimama mlangoni akatazama foleni, akasema, "Wadogo zangu, mmeingia kwangu bila hodi." Kisha akatuambia jambo lililonikata maini: wiki sita mbele, timu ya upasuaji wa mtoto wa jicho ilikuwa imepangwa kuja kituo cha afya cha karibu. Tungemuuliza, tungekuja wiki ile ile, na niliowaandikia rufaa wangevuka barabara tu. Niliowaandikia rufaa walikuwa 37. Sasa tayari walikuwa na vikaratasi vya kwenda hospitali ya mjini, na wengine wameshaondoka.

Baadaye tulifuatilia. Kati ya 37, waliofika hospitali ni wanne.

Mimi nilidhani watu wakishajua kuwa mtoto wa jicho unatolewa na kuwekewa lenzi bandia, wataona ni bahati. Nilipowatembelea majumbani ndipo nikajifunza hesabu ya kweli. Upasuaji ungeweza hata kuwa bure kabisa na bado usifanyike. Bibi hawezi kupanda gari peke yake, lazima mtu amsindikize. Msindikizaji ndiye anayechuma chai, siku tatu za kutochuma ni siku tatu za kutokula. Mbuzi nani atawakata majani. Mjini watalala wapi. Na kuna hofu. Bibi mmoja aliniambia anajua kabisa wanavyofanya: jicho linatolewa nje, linawekwa kwenye sahani, linaoshwa, linarudishwa. "Sasa wakilirudisha vibaya?" Nilijaribu kumweleza. Hakunikatalia, ila mjini hakwenda.

Aliyewabadilisha si mimi. Ni mama mmoja katika wale wanne, muuza vitumbua, aliyerudi kijijini na jicho moja linaona. Mwaka uliofuata tulipanga na mratibu tangu Februari, tukamwomba yule mama atembee nasi nyumba kwa nyumba kwa posho ya siku. Alikuwa hafanyi hotuba. Anaingia, anasalimia, anamwambia mwenye nyumba, "Nishikie sindano nikuonyeshe," anatunga uzi. Halafu anasema, "Halikutoka nje. Nilikuwa macho, nasikia wanaongea habari za mpira." Mwaka ule tuliandika majina 29, tukakodi Coaster, tukamlipia msindikizaji mmoja kwa kila mgonjwa, wakapanda 24.

Basi, ukiniuliza bajeti ya kambi ikae vipi, nitakuambia nauli na chakula cha wasindikizaji kiwe fungu la kwanza kuliko miwani. Na usiandike namba moja ya simu. Wazee wengi simu si yao. Andika ya mjukuu, ya jirani, na ya mwenye duka, na uulize kabisa kila mmoja anakaaje na mgonjwa, maana mwaka mmoja tulipiga simu wiki nzima kwa mkwe ambaye hawasemezani.

Sasa nirudi kwa yule mzee wa kamba.

Alikuwa wa kwanza kufika lakini aliwaachia wengine, akaingia karibu na mwisho. Kwenye chati alisoma vizuri tu, mstari wa 6/9, unaokaribia ule wa macho mazima, kwa macho yote mawili. Nikataka kumpa miwani ya kusomea aende zake. Alipoinuka akagonga dawati la kushoto kwa paja, akasema samahani. Alipopita akagonga na la kulia. Madawati yale yalikuwa wazi, mchana kweupe, na mtu ametoka kusoma herufi ndogo kutoka mita 6. Nikamrudisha kitini. Nikamwambia atazame pua yangu, nikaleta vidole kutoka pembeni, taratibu. Hakuviona mpaka vilipofika karibu na sikio langu mwenyewe. Nikachukua kipimo cha mkononi: presha ya jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21, lake la kulia lilisoma 38, la kushoto 34. Ndani, kwa oftalmoskopu, kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho, neva ya jicho ilikuwa imebonyea na kupauka kama kikombe kitupu.

Presha ya macho, yaani glakoma, kwa wengi haiumi. Inakula pembeni polepole, katikati inaacha mwisho, kwa hiyo mtu anaendelea kusoma gazeti huku anapoteza dunia ya kando. Kilichopotea hakirudi, si kwa miwani wala kwa upasuaji. Kinachowezekana ni kulinda kilichobaki, na kwa wengi maana yake ni matone kila siku, maisha yote.

Nilimweleza. Nikamuuliza kama ana pumu, maana matone ya timolol, ya kushusha presha ya macho, hayapewi mwenye pumu, akasema hana. Nilikuwa na chupa moja kwenye mkoba. Nikampa, tone moja asubuhi, tone moja jioni, nikamwandikia rufaa. Akanishukuru sana, akanishika mikono yote miwili.

Chupa ile inatosha mwezi mmoja hivi.

Nilimwona tena baada ya mwaka na ushei, kambi ya pili. Alikuja kashika bega la mjukuu wa miaka minane. Chupa ilipokwisha alikwenda duka la dawa la chini, hawakuwa nayo. Hospitali hakwenda kwa sababu alikuwa anaona na hana maumivu, sasa aende kulalamika nini? Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, yale matone, ningeyapata wapi?" Swali lile ndilo nililotakiwa kulijibu siku ile ya kwanza kabla sijamfungulia chupa. Sikulijibu kwa sababu sikuwa nimejiuliza.

Wapo wenzangu wanaosema kumpima mtu na kumwambia ukweli ni msaada tayari. Mimi siamini tena. Kumwambia mzee ana ugonjwa wa maisha yote na kumwachia dawa ya mwezi ni kumpa hofu bila dawa. Siku hizi kabla ya kwenda popote tunaulizana sisi watatu mezani: tukikuta presha ya macho, atapata matone wapi, kwa bei gani, nani atampima tena na lini? Kama jibu hatuna, tunakwenda kugawa miwani ya kusomea na kutafuta mtoto wa jicho, basi, na hatujifanyi tunapima kila kitu. Kwa vijiji vyetu viwili tulikubaliana na zahanati, muuguzi anatunza orodha ya wenye presha, sisi tunanunua matone kwa jumla na wagonjwa wanachangia wanavyoweza, na Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi mmoja wetu anapanda huko na kile kipimo. Wagonjwa ni 11. Katika shughuli zetu zote hii ndiyo isiyopigwa picha, na ndiyo inayokula pesa nyingi.

Kuhusu picha, nalo nilikosea. Kambi ya kwanza nilipiga watu hovyo, macho mekundu, watoto wenye tongo, nikaziweka kwenye kalenda ya kliniki. Mwaka uliofuata binti mmoja akaniambia mama yake kaiona kalenda hiyo kwa fundi cherehani mjini, uso wake umekuzwa, jicho jeupe, chini yake pameandikwa jina letu na namba ya duka. Nilikwenda kumwomba radhi. Akasema yamekwisha, lakini kambini hakuja tena. Ukitaka picha, muulize mtu mwenyewe, mwambie itawekwa wapi, na bora umpige akiwa ameshapona na anacheka.

Miwani ya karibu tumeifanyia kazi zaidi kuliko chochote, na hapo nina furaha ya kusimulia. Kuanzia miaka 40 hivi karibu kila binadamu anaanza kusogeza maandishi mbali. Mjini anayesoma simu analalamika. Kijijini mtu haji kusema "sisomi", anasema amezeeka. Ananyamaza kutunga sindano, anaacha kuchambua mchele, anampa mtoto amtumie pesa kwenye simu na mtoto anajua namba ya siri. Kwa hiyo tuliacha kadi ya maandishi, maana nusu ya wanaokuja hawakuzoea kusoma. Mezani tunaweka ungo wenye mchele na mawe, sindano na uzi mweusi, na simu ya kitochi. Mama anavaa +1.50, anatazama ungo, anabadilisha +2.00, kimya. Halafu unaona kidole kinakwenda chenyewe: jiwe, jiwe, jiwe. Wa mwisho niliyemwona alichambua ungo wote, sikuweza kumtoa kitini, nyuma yake watu wanaguna.

Wachuma chai nao. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Assam, India, kwa wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea: waliopewa miwani ya karibu walizidi wenzao katika uchumaji kwa karibu asilimia 22. Niliwasomea wachumaji wetu, mmoja akacheka akasema, "Sasa daktari, hiyo asilimia utampelekea nyapara apandishe kipimo?" Tangu siku hiyo sitaji namba mbele ya nyapara.

Kutoza au kutotoza, hapo mimi na mwenzangu tuligombana kweli, siku mbili hatusemezani kliniki yenye chumba na nusu. Yeye alitaka bure. Mimi nilitaka shilingi 2,000. Tulikubaliana 2,000, na mtendaji wa kijiji pamoja na muuguzi wanataja wasio na uwezo, hao wanapewa kimya kimya na miwani ile ile, si ya kando. Nilichokiona ni kwamba aliyelipa anarudi kugomba skrubu ikilegea, na anayerudi kugomba ni mtu anayeivaa. Kikundi cha kukopeshana cha akina mama sasa kinanunua kwetu kwa jumla na kuuza siku ya gulio, namba nne tu, +1.00, +1.50, +2.00 na +2.50. Tuliwafundisha jambo moja kuhusu tundu dogo: mtu asiyeona mbali achungulie kwenye kadi iliyotobolewa kwa msumari mwembamba. Akiona vizuri zaidi, huenda miwani itamfaa, aje apimwe. Asipoona tofauti, asiuziwe miwani, aje kwetu haraka. Na mtoto yeyote mwenye mboni inayong'aa nyeupe asingoje kambi, aondoke siku hiyo hiyo. Tulimpata mmoja wa miaka miwili, mama yake aliliita "jicho la paka". Ilikuwa saratani ya jicho. Tulimpakia kwenda Moshi jioni ile bila kujadili nani analipa. Jicho lilitolewa. Mtoto yupo, mwaka huu kaanza darasa la kwanza.

Shuleni tulikosea kitu kidogo chenye gharama kubwa. Tulitengeneza miwani 16 ya watoto, fremu nyeusi za aina moja kwa sababu zilikuwa na punguzo. Baada ya mwezi waliokuwa wanavaa ni watatu. Wengine walikuwa wanaitwa "babu". Siku hizi mtoto anachagua fremu mwenyewe mbele ya kioo, na mwalimu wa darasa, kama anahitaji, anavaa ya kwake siku ile ile.

Na matone ya dukani. Kila kijiji tulichokwenda kuna watoto wanaowashwa macho, wanapikicha mpaka yanakuwa ya kahawia, na mama kashanunua matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho, kwa ushauri wa jirani kwa sababu yanatuliza kwa siku moja. Yakitumiwa miezi bila kupimwa yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho kwa mtoto wa miaka kumi. Tunawaomba akina mama waje na chupa wanazotumia, tunazimwaga mezani na kuzisoma moja moja. Usiwacheke, na usimcheke anayeweka maziwa ya mama au maji ya majani. Ukimcheka, ataendelea kuweka ila hatakuambia.

Pesa. Kambi ya kwanza, pamoja na maboksi, gari, chakula na siku tatu za kufunga kliniki, ilifika milioni 2 na laki 3, na sehemu yake ilikuwa kodi ya pango. Mwenye nyumba alinipa wiki mbili, mke wangu alinipa maneno. Wateja waliolipa malipo ya awali walisubiri miwani yao mpaka mmoja akaja kuuliza, "Sisi wa mjini macho yetu si macho?" Alikuwa na haki. Sasa kila miwani inayouzwa kliniki tunatoa 3,000 kwenye kopo, dada wa mapokezi ndiye mwenye ufunguo, na kopo lisipotosha hatuendi. Mwaka 2021 halikutosha. Hatukwenda, wala hatukukopa. Kijijini tulituma taarifa mapema, wakaelewa.

Barua sasa inakwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya miezi minne kabla, nakala kwa mratibu, kwa kata na kwa kijiji. Kweli inazunguka meza. Naifuata kwa miguu. Na maneno ya spika tunayarekodi sisi wenyewe kwenye simu, kijana wa pikipiki anacheza tu.

Mzee yupo. Mwanga kidogo bado anao katika jicho la kushoto, anajua mchana na usiku na kivuli cha mtu. Ugonjwa huu unapita kwenye damu, kwa hiyo nilimwomba aniitie wanawe. Ilichukua muda. Watatu walikuja, wawili macho yao salama, lakini wa katikati, mwenye miaka 42, presha yake ilisoma 27. Anaweka matone kila asubuhi na kila jioni, chupa kaifunga kwenye kitambaa kaining'iniza msumarini juu ya mswaki asisahau. Kila baada ya miezi mitatu anateremka mjini na mfuko wa mdalasini, hakubali kuingia bila huo mfuko. Mara ya mwisho presha yake ilisoma 16. Nilipokuwa naandika kwenye kadi akasema baba anasalimia, anauliza kama ile kamba bado tunayo, maana akisikia tunapanda tena anataka kuja kuishika.

Nikamwambia ipo, aje.